Likizo ya Pwani na Visiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninakaa Mbagala, Dar es Salaam. Nilianza kwa kuwapangia safari wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kisha ndugu zao, kisha watu wa ofisini kwao. Sasa ikikaribia Idi, Krismasi au shule zikifungwa, simu yangu haitulii, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili ukinipigia tuzungumze mengine. Bei sijaziandika kwa sababu nauli na viingilio hubadilika, na nikikutajia bei ya mwaka jana utakuja kunidai mimi.

Dada, swali la kwanza kabisa: niulizie nini kabla ya kulipia chochote?

Ulizia maji. Watu huulizia chumba, chakula, kama kuna intaneti, halafu wanafika ufukweni wanakuta bahari haipo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua: yakijaa yanakuja mpaka kwenye minazi, yakitoka yanatoka mpaka mwamba unaonekana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, kujaa na kupwa hakutofautiani sana. Sasa kariri hili, wavuvi wote wanalijua: siku za bamvua, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo yanageuka, saa nne asubuhi ndiyo yamejaa. Ukijua hilo na ukatazama mwezi, huhitaji programu ya simu.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Safari yangu ya kwanza ya kupeleka kikundi Unguja, niliwafikisha watu kumi na wanne Paje saa nne kasoro robo asubuhi. Usiku wake mwezi ulikuwa mpevu, tena tuliusifia sana tukiwa Forodhani na juisi za miwa mkononi. Tukashuka kwenye kosta: bahari hakuna. Ilikuwepo, lakini kule mbali, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Mbele yetu mchanga mbichi, majani, vijiti vya mwani vimesimama safu kwa safu, na kina mama wameinama wakifunga mwani kwenye kamba. Mtoto mmoja alishavaa boya lake la bata kiunoni. Akaniuliza, "Anti, maji wameyapeleka wapi?" Mama mmoja wa mwani alicheka mpaka akakaa chini, akatuambia twende tukale, turudi saa nane. Tulirudi saa nane, na yule mtoto hakutoka majini mpaka magharibi.

Tuna Jumamosi moja tu na watoto watatu. Twende wapi bila kulala?

Mbudya. Mnafika Kunduchi, mnapanda boti, mnavuka kwa muda mfupi tu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zimekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli ya boti. Uliza vyote viwili kabla hamjakaa kwenye boti. Bongoyo boti zake ziko upande wa Masaki.

Mkifika tu, agizeni samaki. Msisubiri njaa iume, maana wapishi ni wachache na Jumamosi watu ni wengi, mtakula saa kumi. Maji ya kunywa bebeni kutoka bara. Watoto wavae viatu vya mpira wanapoingia majini, kwa sababu ya mawe na vile vinyama vyeusi vyenye miiba mirefu.

Wanaopenda kukaa karibu na gari lao wavuke Kigamboni, kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere.

Bagamoyo inatosha siku moja?

Inatosha kama mtaamka. Ni kama kilomita 70 kutoka mjini, daladala zinatoka Makumbusho. Wengi wanafika saa sita, wanakula samaki, wanapiga picha na mlango wa zamani, wanarudi. Siwalaumu, foleni ya Tegeta na Bunju inachosha, lakini Bagamoyo yenyewe hawajaiona.

Anzeni Kaole asubuhi kabla jua halijakolea. Ni magofu ya misikiti miwili na makaburi, msikiti wa zamani zaidi ukiwa wa karne ya 13. Angalieni makaburi yenye nguzo: juu kwenye baadhi yake kuna vishimo vya mviringo vilivyokuwa vimepachikwa vibakuli vya Kichina. Hapo zamani palikuwa bandari. Leo mbele yenu ni msitu wa mikoko, bahari imejificha nyuma yake.

Kisha mjini. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam, na boma lao la 1897 lipo. Barabara ya wapagazi kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa. Jina lenyewe watu wanalisoma kwa namna mbili: mpagazi akifika pwani anabwaga mzigo na moyo unatulia, mtumwa akifika hapa anaubwaga moyo wake, kwa sababu ng'ambo hakuna kurudi. Waongozaji watakupa tafsiri zote mbili, na kila mmoja ana upande wake.

Malizieni Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868. Kuna makumbusho madogo mazuri na mnara wa kanisa ambako maiti ya David Livingstone iliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Huwa nawasimamisha watu hapo kidogo. Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, na waliombeba kwa miguu miezi mingi mpaka baharini ni Chuma, Susi na wenzao. Na usikose mbuyu wenye mnyororo ulioingia ndani ya shina: wanasema bibi mmoja wa Kizungu alifunga punda wake hapo, mti ukakua ukaumeza.

Kuogelea isiwe sababu ya kwenda Bagamoyo. Mto Ruvu unamwaga karibu na maji yana rangi ya chai. Ngoma na maigizo yakiwa ndiyo unayoyapenda, ulizia tarehe za tamasha la kila mwaka la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapohapo, na uweke chumba mapema.

Zanzibar nahitaji pasipoti?

Raia wa Tanzania hahitaji. Kitambulisho kinatosha, lakini kisikose, kwa sababu hata tiketi ya boti inaandikwa jina lako. Ukiwa na mgeni kutoka nje ya nchi, yeye abebe pasipoti hata kama anatokea Dar, na tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka awe na bima ya safari ya kule. Mshughulikie hilo kabla ya siku ya safari.

Tiketi ya boti nikate wapi?

Dirishani au kwa simu, kwa kampuni yenyewe. Ukishuka tu pale bandarini watakuzunguka vijana wenye vizibao na vitambulisho shingoni, kila mmoja "wakala". Wapo wa kweli. Mimi nilimpata wa aina nyingine: alikuwa mpole, aliniita mama mkwe, akanibebea begi, akaniuzia tiketi mbili zilizopigwa muhuri vizuri kabisa. Getini mkaguzi akaziangalia akasema, "Mama, hii safari iliondoka jana." Nilipogeuka, hata begi nilikuta limewekwa chini taratibu, yeye hayupo. Angalau begi aliacha.

Ukifika ng'ambo kuna wenzao, wanaitwa mapapasi. Wakikusalimia itikia, endelea kutembea.

Natapika sana baharini. Nipande ndege?

Inategemea mwezi. Boti ya mwendokasi inachukua kama saa mbili. Desemba hadi Machi kunapovuma kaskazi, na wakati wa maleleji upepo unapobadilika, mara nyingi ni kama kukaa kwenye kochi. Juni hadi Agosti kusi limechacha na katikati ya mkondo boti inaruka. Panda ya asubuhi, kaa chini na nyuma, usitazame simu, meza dawa nusu saa kabla hujapanda. Wengine wanatafuna tangawizi. Tumbo lisiwe tupu wala lisijazwe supu ya pweza. Ndege ni dakika 20, na kwa mtu wa namna yako mwezi wa saba ningepanda ndege.

Nungwi au Paje?

Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali yanapopwa, unaogelea karibu saa yoyote. Kuna watu, kuna muziki. Paje, Jambiani na Bwejuu, mashariki, bahari inakimbia kama nilivyosimulia, lakini kuna upepo, kuna nafasi, na maji yakiwa yametoka unaweza kutembea mpaka kwenye mashamba ya mwani. Mwani unalimwa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaolima ni wanawake. Ukitaka kuwapiga picha, waombe kwanza, wako kazini.

Mwenye watoto wadogo: Nungwi. Mwenye kitabu na mtu wake: Jambiani.

Mimi nimekulia Kariakoo. Mji Mkongwe una nini cha kunishangaza?

Swali zuri, na wanaouliza hivyo ndio wanaochelewa kurudi. Nenda bila ratiba. Vichochoro vya Mji Mkongwe havina haraka. Ukipotea, tembea tu, mji ni mdogo, utatokea Darajani au baharini. Mji uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usitegemee kuingia ndani.

Mahali ambapo watu wangu hunyamaza ni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa la Anglikana likajengwa hapohapo, madhabahu ikiwekwa mahali walipokuwa wakichapiwa watu. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo, wamesimama ndani ya shimo. Jirani kuna vyumba vya chini ya ardhi ambamo inakubidi uiname. Mtoto wa chini ya miaka kumi sikushauri umpeleke huko chini, ataota usiku.

Jioni Forodhani. Urojo kwanza, mishikaki baadaye. Mezani kwa wauza pweza na kamba uliza bei ya kila kitu kabla hakijaingia motoni, kwa sababu kikishaiva hakina mazungumzo. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe ukiwa mjini na vijijini. Nguo za kuogelea ni za ufukweni.

Nikienda Zanzibar wakati wa Ramadhani?

Nenda, hoteli za watalii hufanya kazi. Lakini kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana hakukubaliki, hata kama hufungi. Jioni ndiyo utafaidi: ukialikwa futari usikatae.

Kilwa kuna nini zaidi ya magofu?

Kuna magofu, na hebu nikuambie ni ya nini.

Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa kwenda Uarabuni na India. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na mwaka 1944 chache kati ya sarafu hizo ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila mwanahistoria ana lake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji huu miongoni mwa miji mizuri. Shuleni nilifundishwa "kuja kwa wageni" kana kwamba walikuta kichaka. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu nilipoingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nikatazama juu nikaona kuba na matao ya mawe ya matumbawe, sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, nikaona nimedanganywa.

Tembea mpaka Husuni Kubwa, kasri la huyo Sultani al-Hasan, juu ya jabali. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na kuna bwawa la kuogea la pembe nane ambalo umbo lake bado unaliona wazi. Mjusi mmoja alikuwa ameota jua ukingoni siku niliyofika, na chini unasikia bahari ikigonga mwamba. Kisha kuna Gereza, ngome ya karibu na maji: Wareno walifika 1505 wakajenga, Waomani wakaja kujenga upya. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia urithi wa dunia 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, vikatolewa humo 2014 baada ya kukarabatiwa.

Namna ya kwenda: basi kutoka Mbagala Rangi Tatu, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa (walioijua njia hii kabla ya 2003 watakusimulia kulala wakisubiri pantoni), unafika Nangurukuru, unakata kushoto kwenda Masoko. Ni kama kilomita 300 na zaidi, kwa hiyo lala Masoko usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Kibali cha kuvuka unakichukua hapo Masoko kabla ya kutafuta chombo. Kwenda Kisiwani ni pua na mdomo, ukitaka panda jahazi la tanga asubuhi upepo ukiwa mtulivu. Songo Mnara ni siku nzima na chombo chenye injini, na nahodha ndiye apange saa. Maji yakiwa yamekupwa utatembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi.

Kisiwani kuna kijiji na watu wanaishi. Wasalimie kabla hujatoa simu yako.

Ukiwa unarudi, ingia Kilwa Kivinje japo kwa saa moja. Ni mji unaobomoka polepole, wenye milango ya kuchongwa inayofunguka kwenye vyumba visivyo na paa. Hapo pia kuna Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyonga wapiganaji wa Maji Maji. Wenyeji watakuonyesha.

Masika usiende bila kupiga simu kwanza. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga na mabasi yakasimama pande zote mbili.

Mafia kuna mafia?

Kila mwaka! Hakuna. Kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anakula vijidudu vidogo vya baharini, hana habari na wewe. Huonekana hasa Oktoba hadi Machi, karibu na Kilindoni. Unaruka kutoka kwenye boti, unaogelea kando yake. Usimguse, usimkatie njia, na nahodha asimfukuze kwa injini. Mwambie hayo kabla hamjaondoka. Ukimwambia mkiwa kule atakuwa ameshawaahidi wengine picha.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, na upande wa Utende unalipa kiingilio kwa siku. Vuka Chole, kisiwa kidogo chenye magofu yaliyokumbatiwa na mizizi na popo wakubwa wananing'inia mchana kama miavuli iliyofungwa. Jirani yake ni Juani, yenye magofu ya Kua.

Ndege kutoka Dar ni kama nusu saa. Mwenye bajeti ya kawaida anapita Mbagala, anaacha barabara kuu pale Bungu, anashuka Nyamisati na kupanda kivuko. Safari ya majini ni ya saa kadhaa, kwa hiyo beba chakula, mkeka mwepesi na kofia. Usiweke siku ya kurudi sambamba na siku ya kuripoti kazini.

Chombo nikikiona kimejaa nifanyeje?

Shuka. Pesa itarudi au haitarudi, shuka. Tunaokumbuka kuzama kwa MV Spice Islander 2011 na MV Skagit 2012 hatuna utani na hili. Hata kwenye mashua ya Mbudya, kila mtu awe na jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la mtoto.

Pemba je? Hakuna anayeizungumzia.

Ndiyo uzuri wake. Unguja imelala bapa, Pemba ni milima na mabonde ya kijani, na msimu wa karafuu barabara nzima inanukia kwa sababu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami. Kuna kisiwa cha Misali kwa wanaopenda matumbawe, ufukwe wa Vumawimbi ambao unaweza kuupata mtupu kabisa, na msitu wa Ngezi wenye popo wa Pemba, ambaye haishi kokote kwingine. Ukibahatika utakuta mchezo wa ng'ombe; simama mbali na kamba. Boti inashusha Mkoani. Hoteli ni chache, sehemu za kula usiku ni chache zaidi. Asiyeweza kukaa siku tatu bila muziki asiende. Rudi na halua.

Tanga na Pangani zinafaa kwa wikiendi?

Tanga mjini ndiyo, ukiondoka Mbezi alfajiri ya Ijumaa. Ni kilomita 350 hivi. Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane nje ya mji. Chukua mwongozaji, beba tochi yako, na kama una mwili mkubwa mwambie mapema akuchagulie njia. Ndani utakuta vitambaa na chupa za marashi, watu bado wanafanya matambiko. Usiguse. Magofu ya Tongoni yako upande wa kusini. Mji wenyewe ni wa baiskeli na vivuli, na ni hapo Novemba 1914 ambapo jeshi la Waingereza kutoka India lilishindwa na Wajerumani, huku nyuki wakichangia kuwatawanya.

Pangani inahitaji siku tatu. Nitaisema mwishoni.

Mtwara na Lindi?

Mbali, na panastahili wiki nzima. Mikindani ina mji wa kale na boma la 1895. Msimbati ina ufukwe mrefu ambao hutaamini uko nchini. Ukipita Lindi, kumbuka mlima wa Tendaguru: mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, na mifupa ya dinosaria mmoja imesimamishwa Berlin mpaka leo. Onja ming'oko, nunua korosho.

Mama yangu ana miaka sabini na magoti yanamsumbua. Tumpeleke wapi?

Mpe shikamoo yangu. Usimpeleke Mbudya wala Kilwa Kisiwani, kwa sababu mara nyingi unashukia majini na kupanda boti ni kurukia ukingo. Bagamoyo kwa gari binafsi ni sawa, na Unguja ni sawa, kwa sababu boti kubwa ina daraja la kupandia. Omba msaada getini watampitisha mbele. Chagua chumba cha chini. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi zilizosimama wima kama za mnazi.

Nibebe pesa taslimu au za kwenye simu?

Zote mbili. Viingilio vingi vya serikali, magofu na hifadhi, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, kupitia simu au benki. Mwenye mashua, muuza madafu na mwongozaji wa kijijini wanataka noti ndogo. Mkazi wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho tena. Kilwa na Pemba usitegemee kukuta mashine ya benki yenye pesa.

Mwezi gani ni mzuri kuliko yote?

Januari na Februari kwa bahari tulivu, ila joto. Juni hadi Agosti kwa hali ya hewa ya ubaridi na Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi Julai, ila upepo. Aprili usiende kokote, kaa nyumbani uzibe paa.

Na wewe dada, likizo yako unaenda wapi?

Pangani. Mji uko mdomoni mwa mto, pantoni inavuka kwenda Bweni, na hapo Wajerumani walimnyonga Bushiri Desemba 1889. Lakini ninachokifuata ni Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Sasa ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, maji yakijaa kinazama, yakipwa kinaibuka. Kwa hiyo hapo hesabu inakuwa kinyume na Paje: nataka bamvua, ili saa nne asubuhi fungu liwe juu lote na tukae mpaka maji yaanze kulamba miguu. Mwezi ukiandama Jumatano, tunaondoka Mbagala Alhamisi alfajiri. Kwenye gari zimebaki nafasi mbili, na moja ni ya katikati.